Kuandikia ZX Spectrum programu mpya, kuanzia laptopu mpaka sauti ya kaseti

Programu niliyoimaliza jana usiku ina baiti 44. Kilobaiti hazijafika, ni baiti, yani ni fupi kuliko meseji ya kumuuliza mtu umefikia wapi, na imechora bendera skrini nzima kwenye kompyuta yenye umri wa mtu mzima mwenye wajukuu. Naandika hatua zote hapa kwasababu kila nikimuonyesha mtu hii mashine ananiuliza inacheza gemu gani za zamani, na mimi swali ninalolitamani ni jingine, nimeiandikia nini kipya. Gemu za zamani zimehifadhiwa vizuri na watu wengi tu, hazikimbii. Kinachoweza kupotea ni ujuzi wenyewe wa kuiandikia, na ujuzi haukai kwenye faili, unakaa kwa mtu anayeandika.

Mashine yenyewe ni ZX Spectrum, ilitoka Uingereza tarehe 23 Aprili 1982, kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge. Yenye RAM ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125 na yenye kilobaiti 48 pauni 175, na ndo ilifanya watoto wengi wa kule wakawa na kompyuta chumbani kwao. Ndani ina prosesa ya Z80 inayokwenda megahezi 3.5, ROM, yani memori isiyofutika, ya kilobaiti 16 yenye lugha ya BASIC, na chipu moja inaitwa ULA inayoshughulikia picha, sauti, kibodi na kaseti peke yake. Kibodi ni ya mpira. Mimi nipo Unguja, yangu ililetwa na binamu yangu kutoka Uingereza ndani ya begi la nguo, lakini nakuambia mapema, huhitaji kuwa na mashine ndo uanze. Anza na laptopu yoyote, hata ile ya zamani yenye RAM ndogo.

Vitu viwili tu unavihitaji. Asembla, yani programu inayogeuza maagizo ya Z80 unayoandika yawe namba ambazo prosesa inazielewa, na emuleta, yani programu inayoigiza Spectrum ndani ya laptopu yako. Asembla mimi nakushauri uanze na Pasmo kwasababu ni ndogo na inatoa faili la kaseti moja kwa moja, ukishazoea utahamia sjasmplus ambayo ina mambo mengi zaidi. Emuleta ni Fuse. Zote ni bure na kwa bando hazifiki popote. Kwenye Ubuntu andika hivi na zote zinaingia kwa mkupuo:

    sudo apt install pasmo fuse-emulator-gtk fuse-emulator-utils spectrum-roms

Kwenye Windows pia zipo, unapakua kila moja peke yake. Na kama unajiuliza kuhusu zile ROM, kama ni halali, Amstrad walinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986 kwa pauni milioni 5 na baadae wakaruhusu ROM zigawiwe pamoja na emuleta ila haki miliki inabaki yao na tangazo lao lisifutwe. Ruhusa hiyo ndo imetufikisha hapa, maana bila ROM emuleta haina cha kuendesha, kwahiyo tuiheshimu. Gemu za watu ni habari nyingine, wengine wameruhusu wengine wamekataa, na dawa ya hilo ni kuandika yako.

Sasa kabla hujaandika chochote ijue ramani ya memori, bila hiyo utatwanga maji. Anwani 0 mpaka 16383 ni ROM, hapo huandiki kitu. 16384 inaanza skrini, baiti 6144 za pikseli, skrini ina pikseli 256 kwa 192 na kila baiti inabeba pikseli 8. Baada yake, kuanzia 22528, kuna baiti 768 za rangi, tunaziita atributi, baiti moja kwa kila kiboksi cha pikseli 8 kwa 8, viboksi 32 kwenda kulia na 24 kwenda chini. Halafu vitu vya BASIC, halafu nafasi yako. Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi wanalijua wakiwa wameshaumia. Memori kuanzia 16384 mpaka 32767 prosesa inagawana na ULA, na ULA ikiwa inachora skrini prosesa inasubirishwa, kwahiyo kodi yako, yani maagizo ya programu, ikikaa huko inatembea kwa kujikongoja na mahesabu yako ya muda yote yanavurugika. Weka programu kuanzia 32768 kwenda juu. Huko ni kwako peke yako.

Haya, bendera. Nimechagua ya Zanzibar kwasababu ina michirizi mitatu ya kulala, buluu, nyeusi na kijani, na skrini ya Spectrum nayo imegawanyika kwa theluthi tatu. Atributi 768 gawanya kwa 3 unapata 256, na 256 ndo idadi ambayo rejista ya baiti moja, yani kijisanduku cha namba ndani ya prosesa, inaweza kuhesabu ikizunguka mzunguko mzima. Fungua kihariri chochote cha maandishi, andika hivi, hifadhi kwa jina bendera.asm:

            org 32768
    anza:   ld a,0
            out (254),a ; boda nyeusi
            ld hl,16384
            ld de,16385
            ld bc,6143
            ld (hl),0
            ldir ; futa pikseli zote
            ld hl,22528
            ld a,%00001000 ; buluu
            call mstari
            ld a,%00000000 ; nyeusi
            call mstari
            ld a,%00100000 ; kijani
            call mstari
    hapa:   jr hapa
    mstari: ld b,0
    tena:   ld (hl),a
            inc hl
            djnz tena
            ret
            end anza

Kisha:

    pasmo --tapbas bendera.asm bendera.tap

Fungua Fuse, bonyeza F3, chagua bendera.tap, na hapo utaona.

Tuipitie taratibu. Boda ni ule ukingo wa rangi unaoizunguka skrini, unaubadilisha kwa kutuma namba kwenye mlango wa 254, biti tatu za chini ndo rangi. Biti ya nne kwenye mlango huohuo ndo spika (tunahesabu kuanzia sifuri), kwahiyo muziki wote wa Spectrum ya mwanzo ni kuiwasha na kuizima biti moja kwa kasi inayotakiwa, na kuna watu wametoa humo sauti mbili tatu kwa pamoja, mimi kila nikisikiliza nabaki nimeshangaa. Baiti ya atributi imepangwa hivi: biti 0 mpaka 2 ni rangi ya wino, 3 mpaka 5 ni rangi ya karatasi, 6 ni mng'ao, 7 ni kuwakawaka. Rangi ni 0 nyeusi, 1 buluu, 2 nyekundu, 3 zambarau, 4 kijani, 5 samawati, 6 njano, 7 nyeupe. Buluu kwenye karatasi ni 1 iliyosogezwa nafasi tatu, yani 8, kijani ni 32. Na pale mstari, nimeweka b sifuri, djnz inapunguza moja kwanza halafu ndo inaangalia kama imefika sifuri, kwahiyo 0 inakuwa 255, inazunguka mpaka mara 256 kamili. Michirizi yote mitatu inakamilika chini ya nusu ya hamsini ya sekunde. Kufuta pikseli ndo kunachukua muda zaidi.

Mara ya kwanza mimi sikuweka kule kufuta pikseli, nikaona kwenye buluu kuna maandishi meusi yanasema Bytes halafu jina la faili. Ni yale maandishi ambayo ROM inaandika wakati wa kupakia kutoka kwenye kaseti, yapo kwenye pikseli, mimi nilibadilisha rangi tu. Pia mwishoni nilikuwa nimeweka ret ili irudi kwenye BASIC, ikarudi kweli, ikaandika 0 OK chini, na kuandika hivyo inafuta mistari miwili ya chini, kijani changu kikaliwa na nyeupe. Nikabonyeza kitufe, boda nayo ikageuka nyeupe. Hiyo ya boda ilinichukua jioni nzima kuielewa: ROM inatunza rangi yake ya boda kwenye anwani 23624, na kila ukibonyeza kitufe inatoa kamlio kadogo kupitia mlango uleule wa 254, kwahiyo inalazimika kutuma na rangi ya boda inayoijua yenyewe. Ndo maana nikaweka hapa: jr hapa, programu inajizungukia palepale na ROM haipati nafasi ya kuandika kitu. Nakuambia haya kwa urefu kwasababu ndo utamu wa hii mashine, kila kinachotokea kwenye skrini kina sababu unayoweza kuifuata mpaka kwenye namba moja, na ukiipata unaijua maisha.

Ongeza mashua sasa. Badilisha ile buluu iwe %00001111, yani wino mweupe karatasi buluu, na kabla ya hapa: ingiza hivi:

            ld hl,16528
            ld de,mashua
            ld b,8
    chora:  ld a,(de)
            ld (hl),a
            inc de
            inc h
            djnz chora

na mwishoni kabisa, baada ya ret na kabla ya end:

    mashua: defb %00001000
            defb %00011000
            defb %00111000
            defb %01111000
            defb %00001000
            defb %11111111
            defb %01111110
            defb %00000000

Moja ni pikseli ya wino, sifuri ni karatasi, ukiikazia macho unaona tanga. Kilicho cha ajabu ni inc h. Ungetegemea kwenda mstari wa chini uongeze 32, maana kila mstari una baiti 32, lakini skrini ya Spectrum haikupangwa hivyo, ndani ya kila theluthi inakuja kwanza pikseli ya juu ya safu zote 8 za herufi, halafu ya pili ya safu zote, hivyohivyo. Ukishawahi kuona picha ikiingia kutoka kaseti utakumbuka inavyojaa kama pazia la vipande. Inasumbua ukitaka kuchora kitu kirefu, lakini ndani ya kiboksi kimoja kushuka pikseli moja ni kuongeza moja kwenye baiti ya juu ya anwani, agizo moja la baiti moja, basi. Jaribu kuiweka mashua kwenye mchirizi mweusi, anwani 18576, utadhani programu imekufa. Ipo. Wino mweusi juu ya karatasi nyeusi, haionekani tu.

Sasa zoezi la kweli. Bendera ya Zanzibar kona ya juu upande wa mlingoti ina bendera ya Muungano, na hiyo ina mshazari mweusi wenye kingo za njano, kijani juu yake, buluu chini yake. Ndani ya kiboksi cha 8 kwa 8 unaruhusiwa rangi mbili tu, na pale mshazari unapopita kuna viboksi vinavyotaka tatu. Hapo ndo utakutana uso kwa uso na kugombana kwa rangi, kitu maarufu kuliko vyote kwenye hii mashine. Kuna namna kadhaa, unaweza kuukuza mshazari mpaka njano na kijani wakutane kwenye viboksi vyao na njano na nyeusi kwenye vyao, au ukafuata ngazi za viboksi vizima ukaacha mshazari uwe na meno, au ukaiba kwa kukimbizana na ULA, kubadilisha atributi kila mstari wakati inachora. Hiyo ya mwisho iache kwanza. Mimi nilichora kwenye karatasi ya mraba ya hesabu kwa penseli za rangi, na mpaka leo naona karatasi ya hesabu ni bora kuliko programu yoyote ya kuchorea.

Ukitaka mashua itembee kuna agizo linaitwa halt. Linailaza prosesa mpaka intarapti ijayo, yani ishara ya kuikatiza, na intarapti zinakuja mara 50 kwa sekunde, mwanzoni mwa kila fremu, yani kila picha nzima ya skrini. Futa mashua, sogeza, chora, halt, rudia. Una hatua 69,888 za saa ya ndani ya prosesa kwa kila fremu na usizidishe, ukizidisha mwendo unakatikakatika. Kujua umetumia kiasi gani hakuhitaji kifaa chochote: kabla ya kazi yako tuma rangi nyekundu kwenye boda, ukimaliza tuma nyeusi, na unene wa mkanda mwekundu unaouona pembeni ndo muda uliotumia. Kila mstari wa TV ni hatua 224. Ukipunguza maagizo mawili ndani ya mzunguko unauona mkanda unasinyaa kwa macho yako. Sijawahi kupata kipimo kizuri zaidi ya hiki kwenye kompyuta yoyote ya sasa niliyowahi kuiandikia.

Sio kila mtu atataka asembla na hakuna ubaya. Kuna kompaila ya BASIC ya Boriel, unaandika BASIC ya kisasa kwenye laptopu inakutolea kodi ya Z80 yenye kasi kuliko BASIC ya ndani ya ROM mara nyingi sana. Kuna z88dk kwa wanaojua C, ilianza kwa ajili ya laptopu ya Cambridge Z88 na leo inatoa programu za mashine kibao zenye Z80, MSX na Amstrad CPC zikiwemo, kwahiyo kazi yako moja unaweza kuihamisha:

    zcc +zx -create-app -o mchezo mchezo.c

Na kuna Arcade Game Designer ya Jonathan Cauldwell kwa anayetaka kutengeneza gemu bila kuhangaika sana na kodi. Ila ushauri wangu, hata ukienda huko, andika kwanza bendera kwa asembla. Anayejua nini kinatokea kwenye 22528 anaandika C tofauti kabisa. Na picha kubwa zikianza kukumalizia memori, tafuta ZX0 ya Einar Saukas, inabana data kwenye laptopu na kuifungua kwenye Spectrum kwa kipande kidogo sana cha kodi.

Emuleta ikishakubali, peleka kwenye mashine halisi. Usiruke hii. Kama huna mashine mtumie mwenye nayo. Geuza faili kuwa sauti:

    tape2wav bendera.tap bendera.wav

Ile WAV iweke kwenye simu, iache WAV hivyohivyo usiigeuze MP3 maana MP3 inakata vitu ambavyo sikio halivihitaji lakini Spectrum inavihitaji. Waya wa jeki mbili za milimita 3.5, upande mmoja simu upande mwingine tundu la EAR. Simu iweke hali ya ndege, meseji ikilia katikati umepoteza upakiaji wote, na zima vikorombwezo vyote vya kuongeza besi. Sauti iweke juu karibu na mwisho. Kwenye Spectrum bonyeza J, inatokea LOAD nzima kwa kitufe kimoja, shika SYMBOL SHIFT bonyeza P mara mbili zitokee alama za nukuu, ENTER, halafu cheza.

Hapo boda inaanza kuongea na wewe. Michirizi minene ya nyekundu na samawati inayoteremka taratibu ni mlio wa kuongoza, hezi kama 807, unasikika piiiii kwa sekunde 5, mashine inajua data iko njiani na inajiweka tayari. Kisha buluu na njano, nyembamba, zinacheza haraka, hizo ndo baiti zako. Biti ya 1 ni mpigo mrefu mara mbili ya biti ya 0, basi, hakuna siri nyingine. Kama michirizi ya kuongoza haitokei kabisa sauti ni ndogo, simu nyingi za sasa zinatoa sauti dhaifu, weka kiamplifaya kidogo katikati. Kama inatokea halafu inaishia R Tape loading error, punguza au ongeza sauti kidogokidogo, mwisho wa kila kipande kuna baiti ya kuhakiki na moja tu ikikosewa inakataa yote. Bendera yetu inaingia kwa sekunde kama 20. Programu iliyojaza kilobaiti 48 inafika dakika 5, na ukikaa mbele yake unaisubiri kama chungu cha pweza.

Kuhusu umeme nisikilize vizuri. Adapta ya Spectrum ni volti 9 DC na ile pini ya katikati ni HASI. Adapta nyingi za mtaani katikati ni chanya. Mimi niliuziwa moja dukani nikaambiwa volti ni zilezile, na volti kweli zilikuwa zilezile, nikachomeka bila kupima na sakiti ya volti ikafa, ikabidi ibadilishwe transista TR4. Pima na mita kila mara hata kama umeambiwa na ndugu yako. Zile RAM za chini, chipu nane za 4116, zinataka volti tatu kwa pamoja, +5, +12 na -5, na ile -5 ikikosekana zinakufa, kwahiyo mashine uliyoipata imekaa miaka usiiwashe tu, kwanza badilisha kapasita zilizochoka kisha pima volti zote. Usichomoe wala kuchomeka kitu nyuma ikiwa imewaka. Huku pwani ongeza na chumvi, ile konekta ya nyuma ni shaba tupu iliyopakwa kidogo na hewa ya bahari inaila, mimi naipangusa na spiriti kila baada ya miezi na naihifadhi kwenye boksi lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu. Kibodi ikikataa, mara nyingi ni ile karatasi ya plastiki ya ndani imekauka na kukatika kwenye kona, mpya zinatengenezwa na kuuzwa hadi leo, usiilazimishe ya zamani.

Kitu kimoja nimekipenda nilipoifungua: zile chipu za kilobaiti 32 za juu ni chipu kubwa zaidi zilizotoka kiwandani nusu yake ni mbovu, Sinclair walizinunua kwa bei rahisi wakatumia nusu nzima. Kodi yako ya 32768 inakaa humo.

Prosesa nazo, Zilog walitangaza Aprili 2024 kwamba wanaacha kutengeneza Z80 ile inayojitegemea, baada ya kuwa sokoni tangu 1976. Zilizopo ni nyingi sana na watu wanaziigiza kwenye chipu za kujipangia, ndo kazi iliyofanya ZX Spectrum Next iliyoanza kuchangiwa 2017 iwezekane. Lakini mimi nimeichukulia kama saa ya kuniharakisha. Ndo maana ukimaliza programu yako, hata iwe ya baiti 44, usiishie kumtumia mtu faili la TAP peke yake. TAP inachezwa tu, haifundishi, na ikiwa na kosa hakuna anayeweza kulirekebisha bila kuipasua. Weka folda moja yenye bendera.asm, bendera.tap, bendera.wav na faili la maandishi SOMA.txt, ndani yake andika jina la asembla na toleo lake, amri kamili uliyotumia neno kwa neno, umeijaribu kwenye mashine gani na emuleta gani, inaanzia anwani gani, na ruhusa, yani mtu anaruhusiwa kuifanyia nini. Maelezo ndani ya .asm yaandike kwa Kiswahili kama umezoea Kiswahili, maagizo ya Z80 ni yaleyale Urusi, Hispania na Chakechake.

Na kama kuna mtu kwenu ana kaseti za zamani zenye programu alizoandika mwenyewe, ndo zenye haraka kuliko zote kwasababu hizo hazina nakala popote. Safisha kichwa cha redio kaseti, cheza mwanzo wa mkanda huku unageuza kidogokidogo ile skrubu ndogo pembeni ya kichwa mpaka mlio uwe mkali zaidi masikioni, hapo ndo kichwa kimelala sawa na mkanda, kisha rekodi kwenye laptopu kwa hezi 44,100, chaneli moja, WAV. Rekodi kaseti nzima pande zote mbili bila kukata chochote, hata pale unapodhani ni patupu. Audio2tape ipo kwenye kifurushi kilekile cha fuse-emulator-utils:

    audio2tape kaseti.wav kaseti.tzx

Ikikataa kipande, tunza ile WAV na urudie kurekodi ukiwa umegeuza skrubu kidogo upande mwingine, wakati mwingine inakubali mara ya nne au ya tano. Kama mwenyewe yupo, mkalishe karibu wakati inapakia, muulize alikuwa anataka ifanye nini, na majibu yake yaandike kwenye SOMA.txt ya ile kaseti.